Kujenga gita kwa mkono kwenye hewa ya Tanga

Gita langu la pili lilipasukia Dodoma. Nililijenga mwezi wa Aprili, masika yamekolea, hata nguo kambani hazikauki, kisha nikampa mdogo wangu aliyehamishiwa huko kikazi. Agosti akanipigia: "Kaka, lile gita limefanya ufa." Ufa ulianzia kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa, ukashuka mpaka ukingoni. Kosa lilikuwa langu. Nilipogandisha, ubao ulikuwa umevimba kwa unyevu wa pwani. Ulipofika kwenye hewa kavu ukasinyaa, fito za ndani zikauzuia kusogea, ukaachia.

Kwa hiyo ukiwa Tanga anza na kalenda. Kukata, kuranda na kuchonga shingo fanya wakati wowote, ila kazi ya kugandisha fito kwenye kifua, yaani ubao wa mbele wenye tundu, na mgongo ingojee Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua zimekatika. Mbao zangu nazilaza juu ya dari la jikoni mwaka mzima, na kila Jumapili napima kipande kimoja kwa mizani ya unga. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari. Mimi ni mwalimu wa hesabu, naiamini mizani. Jirani yangu fundi seremala wa Ngamiani yeye huugonga ubao kwa kidole, akaniambia, "Mwalimu, huu bado unalia maji," na mara nyingi tunakubaliana.

Mbao zetu zinatosha kabisa. Kwa kifua natumia saiprasi ya Lushoto: nyepesi, mistari imenyooka. Mgongo na mbavu za pembeni ni mninga, shingo mkangazi, na ubao wa vidole pamoja na daraja ni mpingo. Msaji wa Longuza ni mzuri wa macho, lakini una mafuta na gundi haishiki vizuri. Anayeanza auache. Unga wa mninga na wa mpingo huwasha pua na ngozi, funga kitambaa.

Gita la kwanza liwe la nyuzi za nailoni, kwa sababu nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu zaidi na kosa dogo la gundi hung'oa daraja. Na tunza kifua kuliko kitu kingine. Antonio de Torres, fundi wa Hispania, mwaka 1862 alijenga gita lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na kifua cha mbao nzuri, ili aonyeshe sauti inatoka wapi.

Kifua ni vipande viwili vya ubao mmoja uliopasuliwa ubapa na kufunguliwa kama kitabu. Randa kingo, zikutanishe, zishike dirishani. Ukiona mwanga hata wa unywele, rudia randa. Sina vibana vya kutosha, kwa hiyo nalaza vipande juu ya ubao mnene, nazungushia kamba ya katani, napigilia kabari chini ya kamba mpaka gundi nyeupe itokeze kwenye kiungo. Alfajiri nafungua. Kisha napunguza unene taratibu. Nashika kifua kwa vidole viwili karibu na ukingo, nagonga katikati. Kwenye milimita 4 kinasema "ta", kama mlango. Kikikaribia milimita 2.5 kinaanza kuvuta sauti, "tuuu". Hapo naweka randa chini. Ndani nagandisha fito saba zilizotanuka kama upepeo kutoka kwenye tundu.

Mbavu ni milimita 2. Chukua bomba la chuma la inchi 2, lifunge kwenye jiriwa, jaza mkaa unaowaka. Dondoshea maji. Tone likiruka na kukimbia, moto umefika. Lowesha ubao, anza na kiuno, bonyeza bila haraka. Kuna wakati mninga unalegea ghafla chini ya kiganja kama chapati moto, na hapo ndipo unaufuata. Ukilazimisha kabla ya hapo unakatika, na harufu yake tamu haitakufariji. Ufunge kwenye kalibu yenye umbo la gita mpaka kesho yake.

Sasa freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole, ambazo watu huziogopa bure. Urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha kichwani mpaka darajani, uwe milimita 650. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.5: hapo ndipo freti ya kwanza. Zimebaki 613.5. Gawanya tena kwa namba ileile, 34.4, na kadhalika. Freti ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili. Isipoangukia hapo, umekosea hesabu. Lakini ukichora, pima zote kutoka kizingitini: 36.5, 70.9, 103.4. Gita la kwanza nilipima kutoka freti hadi freti, nikapotea robo milimita kila mara, na kufika ya 12 nilikuwa milimita 3 nje. Halikuwahi kuimba sawa. Daraja lisogeze nyuma milimita 2 hivi, kwa sababu uzi ukibonyezwa hukaza na sauti hupanda.

Mji huu umelelewa na magita, ya bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na kikundi cha Black Star kiliyaingiza kwenye taarabu, kwa hiyo masikio ya majirani ni makali. Vuta nyuzi nusu, uliache lilale usiku mmoja, kesho yake ukaze mpaka sauti kamili. Baada ya wiki, pima nafasi iliyo chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12. Ikizidi milimita 4, toa mfupa wa daraja, ule nyuzi zinaoupitia juu, usugue kwa msasa upande wa chini, urudishe, upime tena.