Methadoni na dawa za akili: namna ya kuzitumia pamoja

Anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwenye dirisha la kliniki kila asubuhi huku akitumia dawa za akili mara nyingi ana madaktari wawili wasiowasiliana. Kuwaunganisha ni kazi yake na ya ndugu anayemsindikiza. Nunueni daftari dogo. Andikeni kila dawa kama inavyosomeka kwenye pakiti, miligramu zake, saa ya kumeza, na tarehe ilipoanza au kubadilishwa. Dawa za TB, kifafa na VVU nazo ziingie humo. Daftari liende kliniki zote mbili, hata siku ya kuchukua vidonge tu.

Mtego mkubwa ni karbamazepini, ile Tegretol ya kifafa ambayo hutolewa pia kwa wagonjwa wa akili. Hulifanya ini livunje methadoni haraka. Wiki moja au mbili baada ya kuianza, dozi iliyokuwa ikimfikisha kesho yake inaishia usiku: miayo, machozi, kamasi, kuharisha, mifupa kuuma. Nyumbani watasema amerudi kijiweni. Na arosto, yaani mateso hayo ya kupungukiwa dawa, ikimzidi, atarudi kweli. Rifampisini ya TB hufanya vivyo hivyo. Ombeni dawa mbadala, au methadoni ipandishwe polepole. Karbamazepini ikiachishwa, mambo hugeuka: methadoni hupanda mwilini na mgonjwa huanza kusinzia ovyo. Siku inapoachishwa, kliniki ya methadoni ijue.

Methadoni pamoja na pombe au diazepamu (Valium, dawa ya kutuliza) huweza kuzima pumzi. Akikoroma isivyo kawaida, midomo ikawa ya bluu na haamki hata ukimsugua kifuani, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Akizinduka kwa naloksoni, dawa inayozimua nguvu ya methadoni, msiondoke naye. Naloksoni huisha mwilini mapema, methadoni ikiwa bado ipo.

Akikosa dirisha siku tatu mfululizo, aseme. Dozi ya zamani sasa inaweza kumzidi. Anayekunywa gongo kila siku asifungiwe chumbani aache ghafla: degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili. Ashushwe kwa dawa, chini ya uangalizi.

Vidonge vya Artane, vinavyotolewa kupunguza kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na dawa za akili, vikae kwa ndugu, maana vina soko mtaani. Vidonge vya akili vikisahauliwa mara kwa mara, ulizeni kuhusu sindano ya kila mwezi.

Sauti anazosikia nazo ziandikwe: zilianza lini, alikuwa ametumia nini. Zikiendelea mwezi mzima baada ya kuacha bangi, daktari atakuwa na sababu ya kushuku ugonjwa wa akili wenyewe, si bangi tu.