Stika kwa tuktuk na haisi zenye mabonde na riveti

Ukiona stika imeinuka kwa ule mfereji wa ubavuni mwa haisi na kazi bado mpya, mara nyingi gundi haina makosa, ni fundi aliivuta ikaingia bondeni kwa nguvu na sasa inataka kurudi ilivyokuwa. Na jua letu la Malindi likiipiga mchana kutwa inarudi haraka zaidi.

Kwanza material. Vinyl ya stika iko aina mbili, kalenda na kasti. Kalenda ni ya bei rahisi na kwa ubavu ulionyooka inafaa tu, lakini kwa mabonde nunua kasti, ni nyembamba, kama maikroni 50 hivi, inafuata bati bila kujikunja. Laminesheni, ile plastiki angavu ya kulinda stika juu, nayo iwe kasti, ukiilalia kalenda juu pesa yako imepotea.

Osha kwa sabuni, suuza, kausha, alafu pangusa na spiriti ukifuata na kitambaa kikavu kabla haijakauka yenyewe. Huku kwetu hewa ina chumvi, na izo gari za safari zinazoingia Tsavo East kwa geti la Sala zikirudi vumbi jekundu liko mpaka kwenye bawaba, kwa hivo pitia mifereji na kila riveti. Fanyia kivulini, bati likiwa la moto gundi inashika kabla hujapanga. Na maji ya sabuni ya kutelezesha stika achana nayo hapa, yanabaki chini ya riveti.

Bonde sasa, hapa usiwe na haraka jamani. Acha stika ilegee, pasha kidogo na hitigani (mashine ya kupuliza hewa moto), ishikishe chini kabisa ya bonde kwanza na kidole chenye glovu, kisha panda nayo kwenye kingo ukitoka nje, ule mvuto ubakie juu kwa flati wala usibaki ndani. Bonde likiwa limeingia ndani sana usibishane nalo, kata, weka kipande chake peke yake kipishane kama nusu sentimita.

Kwa riveti piga skwiji (kile kibao cha plastiki cha kukandamizia stika) pande zote uache kahema kadogo juu ya kichwa, toboa na sindano hewa itoke, pasha, zungusha brashi ngumu mpaka ikae.

Ukimaliza rudia kupasha kila palipovutwa, kasti nyingi zinataka nyuzi 90 hadi 100 (angalia maelezo ya kampuni), upime na kipimajoto cha miale, mkono haujui. Hatua hii wengi wanairuka na ndio inayoifanya stika isahau kule ilikotoka.

Mpira wa dirisha, turubai ya tuktuk na plastiki nyeusi ya bampa usibandike, kata milimita 2 au 3 kabla ya mpira. Alafu mwambie mwenye gari asiipeleke kuoshwa kwa preshi siku mbili tatu, na hata baadae bomba likae mbali na kingo za stika.