Somo: Kuuliza majina ya kompyuta kwenye mtandao kwa amri ya nslookup

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mafundi na walimu wa kompyuta wa hapa Tanga, wanachama wa kikundi chetu, ambao kwa muda sasa wamekuwa wakiniletea tatizo lilelile kwa sura mbalimbali: intaneti inafunguka lakini seva ya ofisi haipatikani, printa ilikuwepo jana na leo imepotea, kompyuta mbili zilizo kwenye swichi moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa nyaya) hazionani. Mara nyingi nyaya ni nzima na swichi ni nzima. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo, yaani jina hili lina anwani gani, na nani aliyelijibu.

Mtu akielekezwa Ngamiani hapa mjini hupewa namba ya barabara, ya nane au ya kumi na mbili, kisha akifika huuliza nyumba ya fulani. Kompyuta huenda kinyume chake. Sisi tunaipa jina, nayo haiwezi kupiga hata hatua moja mpaka ipate namba, ambayo ndiyo anwani ya IP. Kazi ya kugeuza jina kuwa namba hufanywa na seva ya majina, kwa utaratibu uitwao DNS, na amri ya nslookup ni njia ya kumuuliza mjibuji huyo sisi wenyewe, bila kupitia kivinjari wala programu nyingine inayoweza kutuficha jambo.

Hatua ya kwanza: mjue mnayemuuliza

Katika Windows bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika:

ipconfig /all

Tafuta mstari wa DNS Servers na uiandike anwani yake kwenye karatasi. Naomba hatua hii isirukwe, hata na fundi mzoefu, kwa sababu kila jibu litakalofuata litakuwa jibu la seva hiyo na si la mtandao mzima.

Hatua ya pili: uliza jina

Tutumie example.com, jina lililotengwa rasmi kwa ajili ya mifano na mafunzo:

nslookup example.com

Jibu litakuwa na umbo hili (anwani ya mwisho hapa chini nayo ni ya mfano tu, hivyo yako itakuwa tofauti):

Server:  ruta.ofisi.lan
Address:  192.168.1.1

Non-authoritative answer:
Name:    example.com
Address:  192.0.2.45

Karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha hukimbilia mstari wa mwisho. Mimi husisitiza mistari miwili ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayomtaja aliyejibu. Ikiwa anwani iliyo pale juu si ile uliyoiandika kwenye karatasi, au si ile unayojua kuwa ni ya seva ya ofisi yenu, basi chanzo cha tatizo umekwisha kukikaribia hata kabla ya kulisoma jibu lenyewe. Maneno ya Non-authoritative answer huwatia watu wasiwasi bure: maana yake ni kwamba seva uliyoiuliza si mwenye rekodi za jina hilo, bali imelipata jibu kwa wengine au imelitoa katika hifadhi yake ya muda.

Hatua ya tatu: tofautisha kukosa jibu na kujibiwa kuwa hakuna

Ukiona DNS request timed out, seva haikujibu kabisa. Huenda imezimwa, huenda anwani yake imeandikwa vibaya, au njia ya kuifikia imezibwa. Maswali haya husafiri kwa mlango (port) namba 53, na ukuta wa usalama (firewall) uliowekwa bila uangalifu unaweza kuuziba. Ukiona Non-existent domain, hali ni nyingine: seva ni hai, imekusikia, na imejibu kwamba jina hilo halipo. Katika hali ya kwanza unashughulikia njia. Katika hali ya pili unashughulikia tahajia ya jina, au unajiuliza kama umemuuliza asiyehusika. Nimeona mafundi wakibadilisha kebo siku nzima kwa sababu ya ujumbe wa pili, ilhali ujumbe huo wenyewe ni ushahidi kwamba njia ya kwenda kwenye seva ni nzima.

Jambo moja la ziada: nslookup katika Windows hupenda kuunganisha jina uliloandika na kikoa cha ofisi (sehemu ya mwisho ya majina yake, kama ofisi.lan), hata ukaletewa jibu la jina ambalo hukuliuliza. Weka nukta mwishoni, yaani example.com. na nukta yake, nayo italichukua jina kama lilivyo.

Hatua ya nne: linganisha wajibuji wawili

Unaweza kuitaja seva unayotaka ijibu, kwa kuandika anwani yake baada ya jina:

nslookup seva-hesabu.ofisi.lan 192.168.1.1
nslookup seva-hesabu.ofisi.lan 8.8.8.8

Hatua hii ndiyo iliyonifundisha zaidi kazini. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika ofisi moja ya Chumbageni ambako kompyuta nne kati ya kumi zilikuwa haziwezi kufungua mfumo wa hesabu, ingawa zote zilifungua intaneti vizuri. Nilihangaika na swichi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipouliza jina la seva ya hesabu kwa nslookup, zile kompyuta sita zilijibiwa na seva ya ofisi, na zile nne zilijibiwa na 8.8.8.8, ambayo ni seva ya umma ya Google. Mtu fulani aliwahi kuiandika kwa mkono ili intaneti iende haraka. Seva ya Google haikuwa na kosa lolote: majina ya ndani ya ofisi ile haiyajui wala haipaswi kuyajua, ikajibu kwa haki kwamba hayapo. Tulirudisha mpangilio wa seva ya majina utolewe na ruta yenyewe, na kazi ikaendelea kabla ya saa tisa. Tangu siku hiyo sigusi waya kabla ya kuuliza majina.

Hatua ya tano: anza na namba, utafute jina

Ukiwa na anwani na hujui ni ya kompyuta gani, iandike mahali pa jina:

nslookup 192.168.1.20

Kwa ndani swali hilo hugeuzwa kuwa 20.1.168.192.in-addr.arpa, namba zikipangwa kinyumenyume, na rekodi inayotafutwa huitwa PTR. Rekodi hii haijitokezi yenyewe eti kwa sababu jina lina anwani; sharti iandikwe peke yake, na katika mitandao midogo aghalabu haikuandikwa. Ikikosekana, iulize kompyuta yenyewe, kama inatumia Windows na inaruhusu NetBIOS, itifaki ya zamani ya kompyuta kutambuana kwa majina:

nbtstat -A 192.168.1.20

Itakuletea jina lake, kundi lake la kazi na, mwishoni, anwani ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Herufi A hapo ni kubwa. Ndogo hutumika pale unapoanza na jina.

Kwa wanaotumia Linux, nslookup ipo pia, pamoja na dig, ambayo mimi naipenda zaidi kwa kuwa haifichi sehemu yoyote ya jibu. Mkitaka kujua seva ya barua pepe ya kikoa fulani, ongezeni aina ya rekodi: nslookup -type=mx na jina la kikoa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Muheza:* Shikamoo Mwalimu. Nikitumia ping napata anwani moja, nikitumia nslookup kwa jina lilelile napata nyingine. Niamini ipi?

Marahaba. Zote mbili zinasema kweli, ila haziulizi mahali pamoja. Ping, yaani amri ya kujaribu kama kompyuta inafikika, hufuata utaratibu mzima wa kompyuta: hutazama faili la hosts (orodha ya majina na anwani iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe) na hifadhi ya muda kabla ya kutoka nje. Nslookup huenda moja kwa moja kwa seva. Kwanza safisha hifadhi kwa ipconfig /flushdns. Tofauti ikibaki, fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, na yaelekea utakuta mstari wa zamani uliosahauliwa. Faili hilo lina asili ya mbali: kabla ya Paul Mockapetris kubuni DNS mwaka 1983, majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, yalitunzwa katika faili moja lililosambazwa kutoka Stanford Research Institute huko Marekani.

*Mwanachama wa Pangani:* Mimi mstari wa kwanza unaniandikia Server: UnKnown. Je, seva yetu imeharibika?

Hapana, ndugu yangu. Nslookup inapoanza hutafuta kwanza jina la seva yenyewe kwa kutumia anwani yake, kama tulivyofanya katika hatua ya tano. Ruta yenu haina rekodi ya PTR, ndipo neno hilo likaandikwa. Tazama anwani iliyo chini yake. Ikiwa ni sahihi, endelea na kazi.

*Mwalimu wa sekondari, Korogwe:* Maabara yetu haina seva ya majina. Nslookup haioni kompyuta hata moja, lakini zinaonana na kupeana mafaili. Inawezekanaje?

Mwalimu mwenzangu, kompyuta zenu zinaitana zenyewe kwa zenyewe: moja hutangaza jina kwa wote waliomo katika mtandao, na mwenye jina hujibu. Nslookup haimo katika mazungumzo hayo, kwani huuliza DNS peke yake. Tumieni ping pamoja na jina, au nbtstat. Hakikisheni pia kwamba majina mnayozipa hayazidi herufi 15, kwa kuwa NetBIOS huishia hapo, na majina mawili marefu yanayofanana mwanzo yanaweza kugongana.

*Mwanachama wa Raskazone:* Mwalimu, tumehamisha tovuti yetu kwenye seva mpya tangu jana, lakini nslookup inaleta anwani ya zamani.

Kila rekodi hubeba muda wake wa kutunzwa, uitwao TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Ikiwa wenu ni 86400, seva iliyolipata jibu la zamani dakika chache kabla ya mabadiliko inaruhusiwa kulitunza siku nzima. Andika nslookup -debug pamoja na jina, utauona muda uliobaki. Kisha pata majina ya seva zinazomiliki rekodi zenu kwa nslookup -type=ns, na uiulize mojawapo moja kwa moja. Ikikupa anwani mpya, subirini muda huo uishe. Ikikupa ya zamani, basi mabadiliko hayakuhifadhiwa, na ni lazima myaingize upya kwa anayewatunzia rekodi hizo.