Kiharusi: kuziokoa seli za ubongo ambazo bado hazijafa

Mshipa wa damu ukiziba kichwani, seli zilizo katikati ya eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache. Hizo haziokoki. Pembeni yake hubaki nyingine zinazopata damu kidogo: zimeacha kazi, ila bado zi hai. Hizo ndizo unazozipigania tangu unapomkuta mgonjwa, awe Tandahimba au Nachingwea.

Ndani ya seli hizo za pembeni kalsiamu huingia kupita kiasi na jeni, yaani maagizo ya seli ya kutengeneza protini, huanza kuamka. Jeni iitwayo c-fos huwahi mno. Saa chache baadaye huja zile za protini zinazoilinda seli, kama HSP70. Wakati huohuo vimeng'enya viitwavyo kaspasi huanza kuikatakata seli kutoka ndani hadi ijiue yenyewe. Ikikosa nguvu kabisa, seli huweza kutoa agizo la HSP70 na bado ishindwe kuitengeneza, kwa kuwa kujenga protini kunahitaji sukari na oksijeni. Baadaye huamka jeni zinazoita chembe nyeupe za damu, na uvimbe huendelea kwa siku kadhaa.

Basi, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Si saa uliyomkuta. Kama alilala saa 3 usiku akiwa mzima, hesabu inaanzia hapo, hata kama mmegundua alfajiri. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya CT-scan, yaani picha ya ndani ya kichwa.

Usimpe aspirini: kama mshipa umepasuka badala ya kuziba, itazidisha damu kuvuja, na kwa macho huwezi kutofautisha. Usimpe pia kidonge cha presha cha kuweka chini ya ulimi. Presha ikishuka ghafla, zile seli za pembeni hukosa hata damu kidogo iliyokuwa ikizifikia.

Zahanati ya karibu impime sukari kwa tone la kidole. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, atiwe glukosi ya mshipa hapohapo. Sukari iliyoshuka huweza kuiga kiharusi. Soda mdomoni hapana.

Mlazeni kwa ubavu kwenye gari au bajaji. Bodaboda haifai, upande uliopooza haujishikilii. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 200, kwa hiyo pigeni simu kwanza kuuliza hospitali ipi CT-scan yake inafanya kazi siku hiyo. Kwa mganga wa kienyeji, kama familia inataka, mtakwenda baadaye.

Wodini, joto likipita 37.5 mwiteni muuguzi, maana homa huharakisha kifo cha seli zilizojeruhiwa.

Chakula ndipo ndugu wanapoharibu kwa nia njema. Mtu hajala tangu jana, anakorogewa uji, anainuliwa kichwa kidogo, ananyweshwa. Koo lililolegea huupeleka uji kwenye mapafu, anapata nimonia, oksijeni inashuka. Muuguzi ajaribu kwanza: mgonjwa akae wima, apewe maji kijiko kimoja kimoja. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina majimaji, acheni, awekewe mpira wa kulishia puani. Anayemeza vizuri naye alishwe akiwa amekaa, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Mgeuzeni kila saa 2.