Kabla Hujanunua Nyumba ya Ufukweni, Uliza Mchanga Unalipiwa na Nani

Sasa ni kawaida kupigiwa simu na Mswahili mwenzangu aliyeko Georgia au Minnesota, hapa Marekani. Amedunduliza miaka kumi, watoto wamekua, anataka fleti ya pwani huku Florida au Carolina. Ananitumia picha za bwawa, minazi na bahari ya buluu. Namuuliza swali moja tu: huo mchanga ulioko kati ya bwawa na bahari, ambao bahari huula na kuurudishia ni hela, unalipiwa na nani? Mara nyingi naona kimya. Basi haya ndiyo ninayomwambia, na wewe yachukue kabla hujatia saini popote.

Elewa kwanza mfuko wenyewe. HOA, yaani chama cha wenye nyumba, haina hela ya mjomba. Fedha za kulinda ufukwe inazipata kwa njia nne: ada ya kila mwezi, akiba inayotengwa kutoka kwenye ada hiyo, mchango wa dharura wanaotwishwa wanachama wote, na mkopo wa benki ambao mtaulipa kwa ada iliyopandishwa. Zote nne zinatoka mfukoni mwako. Zinachotofautiana ni siku ya kudaiwa na riba. Kisheria Florida inatenganisha chama cha wenye fleti na chama cha nyumba za mtaa, lakini huku mitaani wote tunasema HOA, na usipolipa, vyote viwili vinaweza kuiwekea zuio nyumba yako hadi ikauzwa. Msilichukulie hilo kwa wepesi.

Soma hati ya chama ujue mgawo wako. Kuna vyama vinagawa sawa kwa sawa, vingine kwa ukubwa wa fleti. Kwenye mitaa ya nyumba, uliza kama walio mstari wa mbele wanalipa zaidi ya walio nyuma, kwa sababu ugomvi wa hapo ni mkubwa. Wa nyuma watakwambia bahari si yao.

Omba mihtasari ya vikao vya miaka mitatu iliyopita. Cheti ambacho chama hutoa wakati wa mauzo kinaonyesha madeni na michango iliyokwisha kupitishwa. Hakionyeshi ambayo bado inajadiliwa. Ukikuta kwenye mihtasari maneno kama "mhandisi wa ukuta wa bahari" au "upungufu wa tuta la mchanga" yakijirudia kikao baada ya kikao bila uamuzi, huo mchango unakuja, na utakukuta wewe ndiye mwenye nyumba.

Bima. Hapa wengi wanajidanganya. Bima ya mafuriko ya serikali kuu inalipia nyumba moja ya makazi hadi dola 250,000, na ina siku 30 za kungoja kabla haijaanza kufanya kazi, kwa hiyo kuikimbilia kimbunga kikiwa kimeshapewa jina ni kupoteza muda. Lakini hata ukiwa nayo, haigusi ardhi, wala ukuta wa bahari, wala mimea, wala njia ya mbao ya kushukia ufukweni. Mmomonyoko wa polepole, ule wa bahari kulamba kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, nao haumo. Bima ya fleti kwa sheria ya Florida lazima iwe na kinga ya mchango wa dharura isiyopungua dola 2,000, watu wanaiona kwenye karatasi na kufurahi. Ila kinga hiyo inalipa tu kama kilichosababisha hasara ni kitu ambacho bima yenyewe inakifidia, na maji ya bahari kwa kawaida hayamo. Mimi yaliponikuta sikupata hata senti.

Usitegemee serikali bila kuuliza masharti. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani hurudisha mchanga kwenye fukwe nyingi, na kwa mradi mpya kwa kawaida serikali kuu hubeba asilimia 65, jimbo na wenyeji asilimia 35. Lakini fedha hizo ni za fukwe ambazo umma unaruhusiwa kufika: pawe na njia za kupita na maegesho ya magari. Mtaa wenye geti na mlinzi ujue uko peke yake. Kisiwa cha Figure Eight huko Carolina Kaskazini ni cha watu binafsi, unaingia kwa daraja lenye mlinzi, na mchanga wao wanajilipia wenyewe kupitia chama chao. Tofautisha na mji wa Nags Head, jimbo hilohilo, ambao mwaka 2011 ulimwaga mchanga wa karibu dola milioni 36. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye kodi ya wageni wanaolala mahotelini na nyumba za kupanga, nyingine kwenye kodi ya majengo. Ndiyo maana nakwambia tazama na bili ya kodi ya nyumba. Ukikuta mji au kaunti ina eneo maalumu la kodi ya mchanga, unaweza kuwa unalipia ufukwe mara mbili, au unaweza kuwa na bahati kwamba chama chako hakihitaji kufanya kazi hiyo peke yake.

Na serikali ikija na mchanga wake itataka hati ya kuruhusu mashine na tuta kukaa kwenye kiwanja chenu. Kuna wanachama watakataa kwa sababu tuta litawazibia bahari. Huko Harvey Cedars, New Jersey, wanandoa walidai fidia kwa sababu hiyo, baraza la wazee wa mahakama likawapa dola 375,000. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua, ikasema lazima ihesabiwe pia faida ambayo nyumba inaipata kwa kulindwa. Kimbunga Sandy kilikuwa kimeshapita, na nyumba ilikuwa nyuma ya tuta hilo. Shauri likamalizwa kwa dola moja. Uliza chama chako: hati hizo zimeshasainiwa na wote, au kuna mmoja anayewashikilia?

Sasa akiba. Hapa nitakaa.

Mimi na mume wangu tulinunua fleti ya vyumba viwili kwenye pwani ya kaunti ya Volusia, hapa Florida, mwaka 2017. Jengo lilikuwa na fleti 64, ukuta wa bahari wa zamani, na mbele yake tuta zuri la mchanga lenye zile nyasi za masuke marefu ambazo sheria inakataza kuzing'oa. Mwaka uliofuata tuliongeza miche wenyewe, Jumamosi moja, kila mtu na koleo lake. Ngazi ya kushukia ufukweni ilikuwa na vidato 17, lakini tulikuwa tunavikanyaga 12 tu. Vitano vya chini vilikuwa vimefukiwa na mchanga.

Kwenye mkutano wa mwaka 2019 mweka hazina, mzee mmoja mhasibu mstaafu, alileta pendekezo. Kila fleti iongeze dola 60 kwa mwezi, ziende kwenye akaunti ya peke yake ya ukuta na tuta. Alikuja na picha, na bei alizopewa. Wakati huo sheria iliwaruhusu wanachama kupiga kura ya kutoweka akiba, na karatasi ya kura ilikuwa na kisanduku cha hilo. Nikatia alama kwenye kisanduku. Wengi walitia. Tulikuwa na ada ya chuo ya mtoto, na tuta lilikuwa pale, refu kuliko mume wangu. Mzee alikunja karatasi zake akakaa.

Mwisho wa Septemba 2022 kikaja Kimbunga Ian. Kilitua upande wa pili wa jimbo, lakini kilivyokuwa kinatoka kilipita kwetu na bahari ikalila tuta lote. Nilipotoka asubuhi, kidato cha mwisho cha ngazi kilikuwa kinaning'inia hewani usawa wa kifua changu. Zile nyasi tulizopanda zilikuwa zimelala kichwa chini kwenye ukingo, zimeshikiliwa na mizizi. Ukuta ulikuwa bado umesimama, uchi.

Bodi ikaita wakandarasi. Kila aliyepigiwa alisema njooni kwenye foleni. Majengo yaliyokuwa na akiba, yaliyokuwa na michoro ya mhandisi kabatini na kianzio cha kumlipa mkandarasi siku hiyohiyo, yalishaingia mbele yetu. Sisi tulikuwa hatuna hata hela ya kumlipa mhandisi aje kupima. Ilibidi uitishwe mkutano kwanza, na mkutano una siku zake za kutangazwa. Wiki sita zikapita hivyo. Tarehe 10 Novemba kikaja Nicole. Hakukuwa na tuta la kuvunja mawimbi, yakapiga ukuta moja kwa moja usiku kucha. Kulipokucha vipande vya ukuta vilikuwa vimeinama baharini, ardhi ya nyuma yake imetitia, sakafu ya bwawa imepasuka, na bomba la maji limetokeza nje kama mfupa.

Barua ya mchango ilibandikwa mlangoni kabla ya Krismasi: dola 41,000 kwa fleti yetu. Ulipe kwa awamu tatu ndani ya siku 90, au uingie kwenye mkopo wa chama wa miaka kumi pamoja na riba yake. Tuliingia kwenye mkopo, na bado tunaulipa. Mama mmoja mjane wa ghorofa ya juu yetu, aliyekuwa akiishi kwa pensheni, aliuza kwa hasara akahamia kwa mwanawe.

Nimeshapiga hesabu hizo mara nyingi. Dola 60 kwa fleti 64, tangu ule mkutano hadi ile Novemba, zingefika kama dola 165,000. Zisingejenga ukuta, hata robo. Lakini zingemlipa mhandisi, zingeandaa vibali, na zingetupa nafasi kwenye foleni baada ya Ian, tukapata japo mchanga na mawe ya kuukinga ukuta kabla ya Nicole. Hilo sikulijua, na hakuna aliyenieleza: akiba ya ufukwe kazi yake ya kwanza ni kukuwezesha kuwahi foleni siku baada ya kimbunga. Kwa hiyo usiulize tu "mna akiba kiasi gani?" Uliza ipo kwenye akaunti ya peke yake au imechanganywa na hela ya paa na lifti. Uliza michoro ya mhandisi ni ya mwaka gani. Uliza kama bodi ina ruhusa ya kutumia fedha kwa dharura bila kungoja mkutano.

Na usidhani sheria mpya imemaliza jambo. Baada ya jengo la Champlain Towers South kuporomoka huko Surfside tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, Florida ilipitisha sheria mwaka 2022 kwamba majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi yaweke akiba ya lazima ya paa, nguzo, mabomba, umeme na mengine ya jengo. Ni sheria nzuri na imechelewa. Tuta la mchanga halimo kwenye orodha hiyo kwa jina. Wanachama wanaweza kulipia paa hadi senti ya mwisho na mbele ya jengo pakabaki shimo.

Mengine nayapitisha haraka. Mchanga wa kumwaga kwa malori bila mpango wa kuurudishia ni hela ya kununua muda tu. Machi 2024 wakazi wa Salisbury Beach, Massachusetts, walichanga karibu dola 600,000, wakamwaga tani 14,000 hivi, na siku tatu baadaye dhoruba ikaondoka na sehemu kubwa. Wao wenyewe walisema uliziokoa nyumba, nami nawaamini, lakini mjue mapema kwamba mtachanga tena. Mikopo ya maafa ya serikali ipo hata kwa vyama, ila ni mikopo. Kwetu Volusia kasa wanataga kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba, kazi za mashine ufukweni zinabanwa miezi hiyo, na msimu wa vimbunga unakwisha Novemba. Kwa hiyo fedha zisipokuwa tayari mwanzoni mwa majira ya baridi, mmepoteza mwaka.

Tazama na jirani. Sisi tuliokulia Kunduchi tuliona mchanga ukichimbwa kwenye mito inayoulisha ufukwe, halafu kila mwenye kiwanja anajenga ukuta wake, na bahari inahamia kwa asiye na ukuta. Huku ni vilevile. Ukuta wa jengo la pili ukiishia mpakani kwenu, nenda kaangalie pembe ile kwanza.

Na usiende kukagua saa ya maji kupwa jua likiwa zuri. Nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, simama kwenye ngazi ya ufukweni, hesabu vidato vilivyo wazi na uvipige picha. Kisha mwombe mlinzi au mfanya usafi wa jengo akuonyeshe mchanga ulikuwa unafika wapi mwaka jana. Wanajua kuliko wakala.