Kabla Jua la Ijumaa Halijazama: Kuandaa Sabato ya Nje na Familia

Sisi Wasabato huacha kazi na kununua au kuuza tangu jua la Ijumaa lizame hadi lizame Jumamosi, na muda huo ndio Sabato. Kwa hiyo Ijumaa tunaiita siku ya Maandalio, ila ukipita nyumba nyingi saa kumi na moja jioni utamkuta mama peke yake ndiye anayeandaa. Kesho yake familia inatoka kwenda kukaa mwambani kutazama ziwa, na mama yuleyule anapakua, anafuta watoto midomo, anakusanya vyombo. Wenzake wamepumzika, yeye amehamisha jiko tu. Kwa hiyo kabla hujafikiria mkeka wala matunda, gaweni kazi. Baba abebe maji na mizigo, mtoto mkubwa awe na vyombo, wadogo waokote taka. Mgawanyo huu ufanyike Alhamisi, watu wakiwa bado na nguvu na hali nzuri ya moyo.

Naandika nikiwa Mwanza, kwa hiyo mifano yangu ni ya miamba na maji.

Ibada ikiisha saa saba, mkila mkamaliza, mna kama saa nne za mchana. Usizimalize barabarani. Matendo sura ya kwanza inataja mwendo wa sabato, kutoka Mlima wa Mizeituni hadi Yerusalemu, ambao Wayahudi waliuhesabu dhiraa elfu mbili, yaani haufiki kilomita moja. Hatufungwi na kipimo hicho, lakini miguu ya mtoto wa miaka minne itakishukuru. Mwamba ulio nyuma ya mtaa wenu, wenye kivuli na usio karibu na baa inayopiga muziki, unatosha kabisa. Mkitamani Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kuna kiingilio na kuna boti. Ulizia mapema kama vyote vinaweza kulipiwa kabla ya Ijumaa jioni. Kama haiwezekani, Jumapili ipo.

Suala la pesa ndilo linalotuangusha wengi. Gari lijazwe mafuta Ijumaa, na kama ni la kukodi mwenyewe alipwe siku hiyohiyo. Maji ndiyo usiyathubutu kuyasahau. Sisi tuliyasahau mwaka mmoja, akapita kijana na ndoo ya chupa za baridi, na mdogo wetu akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Kwani leo tunanunua?" Tulienda kubisha hodi nyumba ya jirani tusiyemjua kuomba maji ya kunywa. Alitupa, Mungu ambariki, lakini tangu siku hiyo dumu la lita 10 hukaa mlangoni Ijumaa mapema, na hakuna anayetoka bila kulipita.

Chakula. Siku ya sita wana wa Israeli waliokota mana maradufu, ikalala hadi asubuhi bila kunuka. Wali wa nazi wa Ijumaa hauna ahadi hiyo. Kama huna friji, epuka nazi, na usiutegemee wali uliolala kwenye sufuria, kwa sababu wali ukikaa kwenye joto huota vijidudu ambavyo hata kuupasha moto hakuondoi sumu yake. Chagua vinavyovumilia: chapati, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, machungwa, parachichi ambalo litakatwa hukohuko. Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha vikipoa huwa vitamu zaidi, ingawa mume wangu habadiliki msimamo kwamba ni mawe. Chai ya mchaichai ikiwekwa kwenye chupa asubuhi itafika jioni ingali na moto. Wa kukaanga sato afanye hivyo Ijumaa mchana na awale Ijumaa usiku.

Jambo la ziwa liamuliwe nyumbani, si pale maji yanapoita. Kichocho kipo ziwani. Vimelea hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani ya kandokando, hupenya ngozi bila mtoto kuhisi kitu, na kuloweka miguu tu kunatosha. Waambie watoto kabla hamjatoka kwamba leo ziwa ni la kutazama. Watanuna, kisha watasahau.

Watasahau haraka zaidi kama umewaandalia la kufanya. Miamba ya hapa ina mijusi ambao dume ana kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, jike ni wa kahawia tu; wape kazi ya kuhesabu madume. Ina pimbi pia, wanaoota jua na kukimbilia nyufani wakisikia kishindo. Katika Biblia yetu ya Kiswahili anaitwa wibari, na Mithali 30 inasema ni watu dhaifu lakini hujifanyia nyumba katika miamba. Soma mstari huo Ijumaa usiku mnapofungua Sabato, usiseme wibari ni nani, waache wakamtafute wenyewe. Simu haitaulizwa.

Viatu vya kanisani huteleza juu ya mwamba, kwa hiyo beba raba na nguo za kubadilisha. Plasta, kofia na kitambaa safi havina uzito. Ukisikia radi, teremkeni mwambani mara moja na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ingieni garini au nyumbani kwa mtu.

Wengi hupenda kufunga Sabato hukohuko nje, jua likizamia ziwani. Mwanza huzama kuanzia saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi mwezi Novemba hadi saa moja na dakika chache Februari. Usitumie saa za ndugu yako wa Dar, kwao huzama kama dakika ishirini hadi thelathini mapema. Huku kwetu karibu na ikweta giza halibembelezi, huja mara moja, kwa hiyo wimbo wa mwisho uimbwe mkiwa mmeshateremka chini, tochi ikiwa mkononi na imechajiwa tangu jana. Vyombo vichafu vibaki kwenye ndoo hadi mfike nyumbani, na atakayeviosha awe ameshajulikana tangu Alhamisi.