Kukagua na Kutumia Lenzi ya Zamani ya Canon 70-200mm f/2.8 kwa Picha za Watu na Sherehe Jijini Mwanza

Lenzi ya Canon EF 70-200mm f/2.8L USM iliingia sokoni mwaka 1995. Namba 70 hadi 200 zinaonyesha inavyovuta vitu karibu, na f/2.8 ni upana wa tundu la kupitishia mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Toleo lenye mfumo wa kutuliza mtikisiko lilifuata mwaka 2001, lakini lile la kwanza bado linauzwa likiwa limetumika, kwa bei ambayo mpiga picha wa harusi na kipaimara anaweza kuifikia. Wengi huliogopa kwa sababu halina mfumo huo. Kwa maoni yangu hofu hiyo imewekwa mahali pasipostahili, kwani mfumo huo hutuliza mkono wa mpigaji tu na hauwezi kumtuliza bi harusi anayeingia ukumbini akicheza. Jambo la kuogopa hapa kando ya ziwa ni ukungu unaoota ndani ya vioo, na ndiyo maana tunaanza na ukaguzi.

Hatua ya kwanza: kagua vioo kabla ya kulipa

Itoe lenzi kwenye kamera na uondoe vifuniko vyote viwili. Lenzi za aina hii hubaki na tundu lililo wazi kabisa zikiwa nje ya kamera, kwa hiyo unaweza kuona mpaka ndani. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma kwa pembe ya mshazari, kisha utazame kutokea mbele huku ukizungusha zumu polepole kutoka 70 hadi 200. Chembe chache za vumbi zisikutishe, kwa kuwa hazionekani kwenye picha. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, zinazoanzia ukingoni mwa kioo na kutambaa kuelekea katikati. Huo ndio ukungu, na ukishakaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, kiasi kwamba hata fundi akiusafisha alama inabaki. Ukiona pia utando mweupe kama mvuke ulioenea kioo kizima, iache lenzi hiyo, kwa sababu picha zake zitafifia kila unapopiga kuelekea kwenye mwanga.

Baada ya hapo ifunge kwenye kamera na usikilize mota ya fokasi, yaani ile inayoifanya picha iwe kali pale unapolenga. Inapaswa kwenda upesi na karibu bila sauti, na mlio wa kukwaruza ni dalili ya gharama inayokuja. Tazama pia nyuma, karibu na sehemu ya kufungia, kama kuna herufi mbili na tarakimu nne ambazo bado zinasomeka. Herufi ya kwanza ni ya kiwanda, U ikiwa ni Utsunomiya nchini Japani, na ya pili ni ya mwaka: J ni 1995, P ni 2001. Muuzaji akikuambia lenzi ni ya juzi, herufi hizo zitakupa jibu.

Hatua ya pili: pima fokasi

Weka kamera kwenye tripodi, laza rula mezani, na upige kwa mshazari ukilenga namba mojawapo kwa f/2.8, kwanza kwenye 70 kisha kwenye 200. Kama namba iliyo kali zaidi iko mbele au nyuma ya ile uliyoilenga, irekebishe kwenye menyu ya kamera yako. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 inaruhusu marekebisho hayo, na 5D Mark III ya mwaka 2012 inakuwezesha kuweka thamani moja ya upande mpana (70) na nyingine ya upande mrefu (200), jambo lenye manufaa makubwa kwa lenzi ya zumu. Wenye kamera za EOS R, zisizo na kioo cha ndani, wanatumia adapta, na fokasi yao hupimwa kwenye sensa yenyewe, yaani kipande kinachopokea picha, hivyo hatua hii haiwahusu sana.

Hatua ya tatu: chagua umbali kwanza, zumu baadaye

Hapa ndipo lenzi hii inapoonyesha thamani yake. Tuseme maharusi wamesimama ufukweni na mwamba uko mita 60 nyuma yao, kama ile miamba inayowavutia wengi kupiga picha karibu na Bismarck Rock. Ukisimama mita 4 kutoka kwao na kutumia 70mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24), utawapata wima kuanzia kichwani hadi miguuni, lakini mwamba utaonekana mdogo nyuma yao. Rudi nyuma mpaka mita 12 hivi na uweke 200mm: maharusi watabaki na ukubwa uleule, ila mwamba utakua zaidi ya mara mbili na nusu. Kinacholeta tofauti hiyo ni umbali uliosimama, na zumu inakurudishia tu fremu uliyokuwa nayo. Ukitaka mwamba utambulike, funga tundu hadi f/8. Ukitaka uyeyuke, baki kwenye f/2.8.

Kwa picha ya uso na kifua, simama mita 4 na utumie 200mm. Katika umbali huo, kwa f/2.8 na kamera ya fremu kamili, eneo lililo kali lina kina cha sentimita 7 tu hivi, kwa hiyo weka nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Watu wawili wakisimama bega kwa bega watosheke na f/4, na mmoja akiwa nyuma kidogo nenda f/5.6.

Jioni, ziwa likiwa linang'aa nyuma ya mtu, kamera hudanganyika na kuufanya uso uwe mweusi kupita hali yake, hivyo ongeza mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili. Ukipima mwanga kwa nukta moja kwenye ngozi nyeusi, fanya kinyume na upunguze, kwa kuwa kamera itataka kuigeuza ngozi hiyo kuwa ya kijivu. Ngozi ya watu wetu ibaki na rangi yake.

Hatua ya nne: kanisani na ukumbini

Anza na shata 1/250 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia), f/2.8 na ISO 3200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwenye kamera ya sensa ndogo panda hadi 1/400, na wakati wa kucheza usishuke chini ya 1/500. Ukiwa mita 10 kutoka altareni, 200mm kwenye kamera ya fremu kamili iliyoshikwa wima itakupa takriban mita 1.8 za urefu, yaani mtu mzima bila nafasi ya ziada, kwa hiyo rudi kwenye 150mm ili usikate shela. Sogeza kile kiswichi cha pembeni kwenye mita 3 hadi mwisho, ili fokasi isitangetange kutafuta vitu vya karibu.

Taa za ukumbini zina tatizo lake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde, hivyo kwa shata ya haraka picha moja hutoka njano na inayofuata hutoka na giza. Kamera nyingi za Canon kuanzia 7D Mark II ya mwaka 2014 zina mpangilio wa kuzuia hali hiyo, nawe uuwashe. Kama kamera yako haina, teremka hadi 1/100 wakati wa hotuba, watu wakiwa wametulia, na uegemeze lenzi kwenye monopodi.

Lenzi ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Ishike kwa mkono wa kushoto chini ya mwili wake, na usiibebe kwa kuning'iniza kamera peke yake.

Hatua ya tano: itunze baada ya kazi

Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa nje, la sivyo umande utatanda juu ya kioo. Nyumbani usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na kipimo cha unyevu na chembe za silika, na uhakikishe unyevu uko kati ya asilimia 40 na 50. Chembe hizo zikibadilika rangi, zikaushe kwa moto mdogo kwenye chombo kisichotumika kwa chakula mpaka rangi ya awali irudi, ziache zipoe kabisa, kisha uzirudishe ndooni.